Kutafuta maneno kwa herufi zilizotolewa: mfano wa jina Ugweno

Kutafuta maneno kwa herufi ni kazi ya kupata maneno yote yanayoweza kuundwa kwa herufi chache zilizotajwa, au yote yenye herufi hizo ndani yake. Wachezaji wa fumbo la maneno huifanya kwa burudani. Mfasiri na mwalimu huihitaji wanapokabiliwa na neno lililosikika nusu au lililofifia katika hati. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kwa Kiswahili, yakitumia herufi sita za jina la Ugweno, nchi ya milimani iliyo Upare ya Kaskazini, katika Wilaya ya Mwanga.

Kanuni ya mwisho wa neno

Mtu anayetafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi U, G, W, E, N, O atapata gown, gone, won, own na hata gnu. Katika Kiswahili, njia hiyo haifai. Ukiacha maneno machache ya mkopo, neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Ndiyo maana gown ilipoingia kwetu ikawa gauni. Vilevile mfuatano gn hauanzishi neno la Kiswahili. Basi anza na mwisho: chagua irabu itakayofunga neno (hapa ni U, E au O), kisha uangalie ni konsonanti zipi zinazoweza kufuatana. Katika herufi hizi, mifuatano ya kutegemewa ni ng, gw na ngw.

Kwa njia hiyo tunapata:

– nguo, ungo, guno: maneno matatu yenye herufi zilezile nne kwa mpangilio tofauti. La kwanza ni vazi, la pili ni chombo cha kupepetea nafaka, la tatu ni sauti ya mtu anayeguna.
– guo: nguo kubwa.
– ngwe: sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime.
– ugwe: kamba nyembamba.
– ngoe: mti wenye kulabu wa kuangulia matunda.
– ngeu: udongo mwekundu ambao seremala hupigia mstari.
– wenu: kimilikishi cha nafsi ya pili wingi.

Umbo lililonyambuliwa na kidahizo

Herufi hizo zinaunda pia uone, unoe na uoge. Hayo ni maneno sahihi katika sentensi, lakini si vidahizo. Kamusi huyaweka chini ya ona, noa na oga, yaani vitenzi vyenye A, herufi isiyokuwamo kabisa katika zile sita. Mwanafunzi anayetafuta uone akakosa jibu asidhani kwamba neno halipo. Aondoe kiambishi cha nafsi na arudishe irabu ya mwisho. Kwa nomino mambo ni hayohayo: anayetafuta nyuso aende uso, na anayetafuta kuta aende ukuta.

Ng na ng'

Alama ya ritifaa huachwa mara nyingi katika uchapaji wa haraka, lakini hutenganisha sauti mbili. Ngoe ni kifaa. Ung'oe ni amri ya upole itokanayo na ng'oa. Unapotafuta, jaribu maumbo yote mawili.

Tahajia ya majina ya mahali

Ukitafuta mfuatano gh, utapata hasa maneno yenye asili ya Kiarabu: ghali, ghafla, lugha. Hata hivyo, Ugweno kwenyewe kuna kata za Shighatini na Kighare, ambazo gh yake haikutoka Uarabuni. Tena jina la kwanza huandikwa pia Shigatini. Anayetafuta kwa tahajia moja atakosa nyaraka zilizoandikwa kwa tahajia nyingine, na anaweza kuhitimisha kimakosa kwamba hazipo. Mfasiri wa hati za ardhi au za ukoo hana budi kutafuta kwa zote mbili, kisha ashike moja katika tafsiri yake yote.

Neno lisilopatikana

Hapa pana jambo zito kuliko fumbo. Lugha ya asili ya Ugweno ni Kigweno, ambacho wanaisimu hukiweka karibu na lugha za Kichaga. Katika orodha ya Guthrie ni E65, ilhali Chasu, lugha ya Wapare walio wengi, ni G22. Wagweno wengi huzungumza Chasu na Kiswahili pia, na wasemaji wa Kigweno ni wachache. Mwanafunzi anayesikia neno kwa bibi yake akalitafuta katika kamusi ya Kiswahili bila kulipata, asilisahihishe kwa kulilazimisha lifanane na neno la Kiswahili lililo karibu. Aliandike kama linavyotamkwa, ataje mahali aliposikia na maana aliyopewa, na aandike sauti ileile kwa herufi ileile kila mara. Chombo cha kutafutia hupata kile tu kilichoandikwa. Neno lililoandikwa kwa tahajia tano katika daftari moja ni karibu sawa na neno lililopotea.