Kanisa lenye kumbukumbu mbili

Makanisa mengi huadhimisha siku ya kuanzishwa kwake, basi. Kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16 mjini Birmingham, Alabama, huko Marekani, lina kumbukumbu mbili, na mimi ile ya pili ndiyo huniudhi.

Wamarekani weusi walilianzisha mwaka 1873. Mwezi Mei 1963 watoto wa shule walitokea humo kudai haki, wakakutana na mbwa wa polisi na maji ya mabomba ya zimamoto. Jumapili ya Septemba 15 mwaka huohuo, bomu la Ku Klux Klan likawaua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11.

Kufikia 1965 wapelelezi wa FBI walikuwa na majina ya washukiwa wanne. Mmoja akafa bila kushtakiwa. Wa mwisho alihukumiwa mwaka 2002. Miaka 39, jamani!

Mwaka huohuo wa 1965 lilifika dirisha jipya la vioo vya rangi. Watu wa kawaida wa Wales, ng'ambo ya bahari, walichangishana vijisenti kulinunua. Hukumu ya kwanza ikaja miaka 12 baadaye.