Sheria Iliyokaa Mfukoni

Desemba 1934, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa bado haina jengo lake, na majaji tisa walikaa katika chumba kimoja ndani ya jengo la Bunge mjini Washington. Mbele yao lilikuwa shauri la mafuta kutoka Texas Mashariki. Jaji Louis Brandeis alitaka kujua jambo lililoonekana dogo: hizi amri ambazo watu wanashtakiwa kwa kuzivunja, mwananchi azitafute wapi? Wakili wa serikali, Harold Stephens, alikiri kwamba kuzipata si rahisi. Wakili wa wachimbaji, F. W. Fischer, akaeleza kuwa nakala pekee aliyowahi kuiona ilikuwa katika mfuko wa nyuma wa suruali ya ofisa aliyetumwa Texas kutoka Washington.

Kisa kilianza na neema. Mwaka 1930 mafuta mengi yaligunduliwa Texas Mashariki, kila mtu akachimba, na mwaka uliofuata pipa moja liliwahi kuuzwa kwa senti kumi hivi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliamua kuweka mipaka. Chini ya sheria ya 1933 ya kufufua viwanda, rais alipitisha kanuni za biashara ya mafuta, na anayezidisha kiwango alichopangiwa akawa mkosaji.

Lakini Septemba 1933 kanuni hizo zilirekebishwa kwa amri nyingine ya rais, na katika kuandika upya, aya iliyofanya uzidishaji kuwa kosa ikadondoka. Haikufutwa kwa makusudi, ilisahaulika tu. Kwa mwaka mzima watu walishtakiwa, na shauri jingine likafika hadi Mahakama ya Juu, kwa kosa ambalo halikuwa limeandikwa popote. Mawakili wa serikali wenyewe waligundua walipokuwa wakiandaa hoja zao mwaka 1934. Aya ikarudishwa Septemba mwaka huo, na rufaa ya shauri lile ikaondolewa kwa aibu.

Iliwezekanaje, katika nchi yenye mawakili wengi hivyo? Jibu liko katika namna karatasi za dola zilivyotunzwa. Hukumu zilikuwa na vitabu vyake tangu zamani, ingawa mwanzoni ilikuwa biashara ya watu binafsi. Alexander Dallas, wakili wa Philadelphia, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1790. Leo kinahesabiwa kuwa juzuu ya kwanza ya hukumu za Mahakama ya Juu, ilhali ndani yake hamna hata hukumu moja ya mahakama hiyo, bali zimo za Pennsylvania tu. Walimfuata William Cranch, Henry Wheaton, Richard Peters na wengine, na mpaka leo mtafiti anayesoma hukumu za karne ya 19 hukutana na majina yao katika marejeo, kwa kuwa juzuu 90 za mwanzo zilijulikana kwa jina la mwandishi. Peters alipochapisha upya hukumu za wenzake kwa muhtasari na kwa bei nafuu, Wheaton alimshtaki. Mwaka 1834 Mahakama ikaamua kwamba hakuna mwandishi anayeweza kumiliki maneno ya majaji. Uamuzi huo haupewi uzito unaostahili: bila huo, kila hukumu ingekuwa na mwenyewe.

Sheria za Bunge nazo zilikuwa na vitabu, japo kwa kuchechemea. Mkusanyo mkubwa wa 1874 ulitoka na makosa mengi, na ni mwaka 1926 tu ndipo zilipopangwa upya kwa mada.

Kanuni za wizara, idara na rais ndizo hazikuwa na kwao. Kila ofisi ilipiga chapa zake, au ilizichapa kwa taipu na kuziweka kwenye faili. Mwaka 1934 kamati ya chama cha wanasheria wa Marekani ilikadiria kwamba kanuni zilizotokana na mpango huo mmoja wa viwanda zilizidi kurasa 10,000. Na gazeti rasmi la serikali halikuwa kitu kigeni duniani. Mombasa ilikuwa na lake tangu 1899, lililochapisha matangazo na kanuni za himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Washington ya 1934 haikuwa nalo.

Mwezi uleule wa Desemba, Erwin Griswold, mwalimu kijana wa sheria aliyekuwa ametoka kufanya kazi katika ofisi ya mawakili wa serikali, alichapisha makala katika jarida la sheria la Harvard akidai gazeti la namna hiyo. Januari 7, 1935, majaji wanane dhidi ya mmoja, Benjamin Cardozo, wakaipa serikali kipigo katika shauri la mafuta. Julai 26 rais akatia saini sheria ya kuanzisha Federal Register. Toleo la kwanza, la Machi 14, 1936, lilikuwa na kurasa 16, na amri ya kwanza ndani yake ilihusu kupanua hifadhi ya ndege wanaohama ya Cape Romain, South Carolina. Kwa kuwa gazeti hupanga mambo kwa tarehe, kitabu cha kanuni kilichopangwa kwa mada kikaongezwa kuanzia 1938.

Hapo tatizo likageuka sura. Mwaka 1945 wakulima wa Idaho, kina Merrill, waliomba bima ya ngano kutoka shirika la serikali. Walieleza wazi kwamba ekari 400 kati ya 460 zilikuwa zimepandwa upya juu ya ngano ya majira ya baridi. Kamati ya wilaya ikawahakikishia kwamba zote zina bima. Ukame ukaja, ngano ikakauka. Ndipo shirika likasema kanuni iliyochapishwa katika Federal Register hairuhusu bima kwa ngano ya aina hiyo. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ikakubali, majaji watano kwa wanne: kilichochapishwa humo humfunga kila mtu, awe amekisoma au hajakisoma. Jaji Robert Jackson alipinga vikali. Kwa hoja yake, mkulima ambaye angelisoma gazeti lote lile asingehitaji bima, kwa sababu asingepata muda wa kupanda chochote. Jackson ndiye aliyekuwa karibu zaidi na shamba.

Leo Federal Register husomwa bure mtandaoni, tangu katikati ya miaka ya 1990. Hukumu za mahakama za shirikisho nazo hupatikana bure. Lakini hati nyingine za mashauri, yaani madai, viapo na maombi, ziko katika mfumo uitwao PACER, ambao hutoza senti kumi kwa ukurasa, isizidi dola tatu kwa hati. Anayetumia dola 30 au chini yake kwa robo mwaka husamehewa. Anayefuatilia mamia ya mashauri hulipa. Mwaka 2009 watafiti wa Princeton walitengeneza programu waliyoiita RECAP, yaani jina lilelile likisomwa kinyumenyume: mtu mmoja akishanunua hati, nakala huhifadhiwa kwenye hazina ya wazi, na mwingine akiitafuta hati hiyohiyo huikuta humo bila malipo.