Falaji: Maji ya Zamu Chini ya Milima ya Omani

Mwishoni mwa mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka 2 na nusu, Fort Jesus ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani. Tukio hilo linajulikana kote pwani. Kisichosimuliwa sana ni kile alichokifanya kwao Imamu Saif bin Sultan, aliyetawala wakati ngome ile ilipotwaliwa. Wanahistoria wa Omani wameandika kwamba alichimba au kufufua falaji 17, akapanda mitende na minazi kwa maelfu huko Barka, kwenye pwani ya Batina, na kwamba alipofariki mwaka 1711 theluthi ya mitende ya nchi nzima ilikuwa mali yake. Merikebu zake zilifika Afrika Mashariki na India, lakini utajiri wake ulipimwa kwa maji yanayopita shambani. Katika nchi ambayo sehemu kubwa yake hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, hapakuwa na kipimo kingine chenye maana zaidi ya hicho.

Falaji ni mfereji, ila sehemu yake iliyo muhimu haionekani. Mafundi walitafuta maji chini ya mlima, mahali mvua ya vilele vya milima ya Hajar inapozama kwenye changarawe, wakachimba kisima mama hadi kuyafikia. Kisha walitoboa njia chini kwa chini kuelekea kijijini, wakiipa mteremko mdogo kuliko ule wa ardhi iliyo juu yake, hata maji yakachomoza yenyewe kwenye usawa wa mashamba, kilomita kadhaa mbele. Kila baada ya hatua chache walichimba shimo la kushukia, la kupitishia hewa na kutolea kifusi. Ukitazama kutoka juu unaona mstari wa vichuguu vya udongo ukivuka jangwa. Palipokuwa na bonde la mafuriko, walishusha maji kwenye shimo upande mmoja, wakayapitisha chini ya bonde na kuyapandisha upande wa pili kwa msukumo wake mwenyewe. Yote hayo bila pampu, bila mafuta, bila mnyama wa kuvuta kamba.

Falaji za namna hiyo huitwa za Daudi, nazo ni karibu robo tu ya zote. Nyingi zaidi, karibu nusu, ni za ghaili, zinazokinga maji yanayotiririka juu juu kwenye mabonde na hukauka upesi mvua ikikosekana. Zilizobaki ni za aini, zinazoanzia kwenye chemchemi. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud, akipita angani na upepo wake, aliiona nchi ilivyokauka, akakaa siku 10 na kila siku akawaamuru majini wachimbe falaji 1,000. Wanaakiolojia wana maelezo yao. Walid Yasin al-Tikriti, aliyefukua mifereji ya kale upande wa Al Ain, katika Falme za Kiarabu za leo, ameonyesha kwamba kulikuwa na falaji huko yapata miaka 1,000 kabla ya Kristo. Kwa hiyo hoja ya zamani kwamba ufundi wote ulitoka Uajemi haisimami tena kwa wepesi.

Lakini kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo naamini ndiyo iliyozifanya falaji ziishi karne kwa karne, ni sheria ya kugawana. Pale maji yanapochomoza, kila mtu anaruhusiwa kunywa na kuteka, mwenyeji na mpita njia, bila kulipa. Yakishuka hupita msikitini kwa udhu, kisha mahali pa kuogea wanaume na mahali pa wanawake, na penye kuoshea maiti. Baada ya hapo tu ndipo yanapoingia mashambani, na hapo ndipo umiliki unapoanza. Mtu hamiliki maji kwa ndoo wala kwa pipa. Anamiliki muda. Fungu la kawaida ni la karibu nusu saa, linaitwa athar, na mzunguko wa zamu hurudi kwako baada ya siku kadhaa kulingana na desturi ya kijiji. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani. Usiku walipima kwa nyota: nyota fulani ikichomoza juu ya kilima fulani, jirani anafunga mlango wa maji wake na wewe unafungua wako. Hata mwanzoni mwa karne hii watafiti waliwakuta wazee katika vijiji vichache wakiendelea kugawa maji kwa nyota, ingawa saa za mkononi zilikuwa zimeenea kila mahali.

Fungu hilo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na kuwekwa wakfu. Yapo mafungu ya msikiti, na yapo mafungu ya falaji yenyewe, yanayopigwa mnada hadharani ili fedha zake zilipe wazibuaji na kukarabati kuta. Msimamizi ni wakili, na chini yake yupo arifu anayeangalia zamu. Wanazuoni wa madhehebu ya Kiibadhi waliandika kurasa nyingi kuhusu mambo haya, likiwemo suala la harimu, yaani eneo la mamia ya dhiraa kuzunguka falaji ambamo ni marufuku mtu kuchimba kisima kitakachoyavuta maji ya wengine. Waliandika hivyo kwa sababu walijua kwamba maji ya ardhini hayana ukuta.

Uzuri wa falaji unaonekana zaidi mwaka wa ukame. Mashamba yamepangwa kwa madaraja: mitende iko karibu na mlango wa maji na ina haki ya kwanza, ilhali ngano, vitunguu na majani ya mifugo yako pembeni, kwenye ardhi inayolimwa msimu kwa msimu. Maji yakipungua, ile ya pembeni huachwa bila kulimwa. Mtende unaokufa huchukua miaka mingi kupata badala yake, shamba la vitunguu hurudi msimu ujao. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba falaji haiwezi kutoa zaidi ya kile mlima unachokiachilia. Mwenye tamaa anaweza kugombania zamu au kuiba dakika za jirani, lakini hana njia ya kuuamuru mlima utoe maji ya mwaka kesho leo. Kiasi kimefungwa ndani ya chombo chenyewe.

Nisiisifu falaji nikawasahau walioilipia. Kutambaa gizani kuzibua mfereji uliobomoka ilikuwa kazi ya hatari. Watu wa kabila la Awamir walijipatia sifa kwa ufundi huo, na katika baadhi ya mahali watoto walitumwa kwa sababu ya udogo wa miili yao. Huko Batina, ambako maji hayakuwa mbali na mchanga, mashamba mengi yalinyweshwa kwa visima vya ng'ombe, na katika karne ya 19, tende za Omani zilipopata soko hadi Marekani, mahitaji ya wafanyakazi yaliongezeka. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa watu waliotekwa Afrika Mashariki na kuvushwa bahari. Mwanahistoria Matthew Hopper ameifuatilia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2015. Tende iliyoliwa New York ilinyweshwa, mara nyingi, kwa mikono ya mtumwa aliyezaliwa upande wetu wa bahari.

Kwa upande mwingine, mji wa Unguja ulinufaika na watawala waliotoka katika ukoo uliojua thamani ya maji. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyewaletea wakazi wa mji huo maji safi ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Sisemi kwamba alinakili falaji. Nasema tu kwamba kwa mtu wa asili ya Omani, kuyaleta maji mjini ilikuwa sehemu ya kazi ya utawala.

Falaji hazikuanza kuharibika na pampu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 18, na majeshi ya Uajemi yaliyoingia kuanzia 1737, viliacha nyingi zikiwa zimezibwa, na kijiji kisicho na watu wa kuzibua mfereji hakina muda mrefu. Katika vita vya Jabal Akhdar, 1957 hadi 1959, ndege za jeshi la Uingereza zilishambulia vijiji vya wafuasi wa Imamu wa wakati huo pamoja na vyanzo vyao vya maji. Hata hivyo jeraha la vita lina mwisho. Mafundi hurudi, wakazibua.

Mafuta yalianza kusafirishwa nje mwaka 1967, Sultani Qaboos akashika madaraka mwaka 1970, barabara na hospitali zikajengwa, vijana wakashuka Maskati kutafuta kazi, na pampu za dizeli zikaingia. Sina haki ya kumlaumu mkulima wa Batina aliyenunua pampu. Baba yake alikuwa akivuta maji na ng'ombe tangu alfajiri, na yeye alipata kumwagilia shamba zima kabla ya chai. Ila kila pampu ilivuta kutoka hazina moja, na harimu ya wanazuoni haikuwekwa kwa ajili ya mashine inayofikia kina kikubwa namna hiyo. Usawa wa maji ulishuka, na kwa kuwa bahari iko hatua chache tu, maji ya chumvi yakasogea chini ya mashamba kujaza nafasi. Mitende huvumilia chumvi kiasi. Ndimu na maembe hayavumilii, na mashamba mengi ya ukanda ule yaligeuka kuwa ardhi nyeupe.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1985 bwawa la Al Khoud lilijengwa, si la kuhifadhi maji bali la kuyachelewesha mafuriko ili yazame ardhini. Amri ya kifalme ya 1988 iliyatangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, na mwaka uliofuata ikaundwa wizara ya maji. Visima viliandikishwa na vipya vikahitaji kibali. Katika miaka ya 1990 falaji zilihesabiwa moja baada ya nyingine: zilikuwa 4,112, na zenye maji zilikuwa 3,017. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza 5 katika urithi wa dunia, miongoni mwao Daris ya Nizwa na Al-Malki ya Izki.

Miji, kwa upande wake, ilielekea baharini. Mtambo wa kuondoa chumvi wa Ghubra ulianza kazi mwaka 1976, na leo wakazi wa Maskati, wakiwemo Waomani wengi wazungumzao Kiswahili waliorejea kutoka Zanzibar na bara, hunywa maji ya bahari yaliyosafishwa. Ni msaada mkubwa, lakini unategemea nishati na unategemea bahari iwe safi: mwishoni mwa 2008 na mwaka 2009 mwani mwekundu ulipotanda katika eneo la Ghuba na bahari ya Omani, baadhi ya mitambo ililazimika kusimama. Na maji hayo ni ghali mno kumwagiliwa mitende, ilhali kilimo ndicho kinachotumia sehemu kubwa kabisa ya maji ya nchi.

Kwa hiyo mashambani hazina ni ileile ya mlimani. Wenye mafungu wengi sasa wanaishi mijini, bustani zinaangaliwa na vibarua kutoka Asia ya Kusini, na mnada uliolipia matengenezo haukidhi tena gharama, hivyo serikali ndiyo inayogharimia ukarabati kwa saruji. Pale falaji inapodhoofika, mara nyingi huchimbwa kisima cha kuisaidia, pampu ikafungwa, maji yakamwagwa ndani ya mfereji ili zamu ziendelee kama zamani. Al Ain wamefika mwisho wa njia hiyo: mifereji yao ya kale inalishwa na pampu. Kisima cha msaada huteka kutoka katika tabaka lilelile lililokuwa likiilisha falaji, kwa kasi ambayo mlima haukuwahi kuikubali. Kama Omani inataka falaji zake zibaki na maji na si kuta tupu za kuonyeshwa watalii, vibali vya visima vilivyo juu ya kisima mama vinapaswa kupunguzwa, na wenye mafungu wapewe tena sauti ya kukataa.