Mwalimu Aliyegeuka Mwandishi wa Mahakama

Kazi ya mwalimu na kazi ya mwandishi wa mahakama ni ndugu, kwa kuwa mali ya zote mbili ni maneno. Lakini ndugu hao hawana tabia moja. Mwalimu husikia neno lililopotoka akalinyosha. Mwandishi wa mahakama husikia neno lilo hilo, naye hutakiwa aliandike pamoja na kombo lake. Basi mwenye kuihama kazi ya kwanza akaingia ya pili hana budi kujifunza jambo moja zito: kuuzuia mkono wake usisahihishe.

Historia ya Uingereza ina mfano wa uhamaji huo. Thomas Gurney alizaliwa Woburn mwaka 1705, mwana wa msaga nafaka. Alijifunza ufundi wa saa, kisha akafundisha shule katika miji ya Newport Pagnell na Luton. Hati mkato aliipata kwa bahati. Katika ujana wake alitamani kitabu cha unajimu, akanunua mnadani fungu zima la vitabu, na ndani yake mlikuwamo kitabu cha hati mkato cha William Mason. Aliyetafuta siri za nyota akapata siri ya kalamu. Kabla ya mwaka 1750 alikwisha kuwa mwandishi katika mahakama ya Old Bailey, London, na katika mwaka huo alichapisha kitabu chake mwenyewe, Brachygraphy.

Mahakama hiyo haikuwa mahali pa mzaha. Zama hizo hata wizi uliweza kumfikisha mtu kitanzini, na mashauri mengi yalisikilizwa upesi. Uzito wa kalamu ya Gurney ulidhihirika katika kisa cha Elizabeth Canning, mtumishi kijana aliyetoweka mwezi wa Januari 1753, akarudi baada ya majuma manne akidai kwamba alikuwa amefungiwa nyumbani mwa watu. Kwa ushahidi wake, ajuza mmoja wa jamii ya Wajipsi, Mary Squires, alihukumiwa kufa. Baadaye Squires alisamehewa, na mwaka 1754 Canning mwenyewe akashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Swali likawa: alisema nini hasa siku ile? Gurney akaitwa kutoa ushahidi juu ya yale aliyoyaandika. Alipohojiwa alikiri kwamba haikutazamiwa aandike kila neno lisiloeleweka lililotamkwa na shahidi. Canning alipatikana na hatia, akahamishiwa Amerika.

Jibu lile ni fupi, lakini lina mafunzo makubwa. Nani aamuaye kuwa neno fulani halieleweki? Ni yule mwenye kalamu. Kigugumizi, neno la kwao shahidi, sentensi iliyokatika njiani: mwalimu huyahesabu hayo kuwa makosa, lakini mbele ya sheria huenda ndiyo yaliyobeba hofu, shaka, au kweli yenyewe. Kuyatupa ni kuhukumu kabla ya hakimu.

Ufundi wa Gurney ukawa urithi wa nyumba yake. Mjukuu wake, William Brodie Gurney, aliteuliwa mwaka 1813 kuwa mwandishi rasmi wa Bunge. Na Charles Dickens alijifunza hati hiyo akaandika mashauri kabla hajatunga riwaya. Mwaka 1837 mwalimu mwingine, Isaac Pitman, alitoa hati iliyofuata sauti zitamkwavyo, nayo ikafika hata katika masomo ya uhazili ya Afrika ya Mashariki.

Huku kwetu, hata hivyo, pengo halikuwa la mwendo wa kalamu peke yake. Katika mahakama za juu za Tanzania, kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa mkono wa hakimu mwenyewe. Tafsiri ni usahihishaji ulio mkubwa kuliko wote, kwa maana hubadili maneno yote kwa mara moja. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hivyo ikalifupisha pengo hilo. Haikuiondoa amana ya kale. Mwalimu wa Kiswahili akaaye leo penye meza ya mahakama anakuja na elimu kubwa ya lugha. Na elimu hiyo itamfaa mshtakiwa pale tu itakapomwezesha kuisikia lafudhi ya Mtu wa Pemba au ya Mtu wa Kigoma, na kuiacha ilivyo.