Kuni za meli, vichwa vya wapagazi: gharama ya safari ya mto Aruwimi

Dereva anayetoka Kisangani akifika Banalia, baada ya kilomita 128 za barabara, anauliza kwanza kama kivuko kina mazuti. Kisipokuwa nayo, lori linalala ukingoni, na anayengoja chumvi upande wa Buta anaendelea kungoja. Wengi wanadhani ni shida ya siku hizi. Kwenye mto wetu swali hilo lina zaidi ya miaka 130.

Mwaka 1880 tajiri wa Leeds, Uingereza, Robert Arthington, aliahidi kuwapa wamisionari Wabaptisti pauni 1,000 za kununua meli ya moshi kwa ajili ya mto Kongo, na pauni 3,000 nyingine za kuitunza. Tazama hesabu hiyo, msomaji: matunzo mara tatu ya bei ya ununuzi. Meli hiyo, Peace, ilijengwa London, ikafunguliwa vipande karibu 800, na wapagazi wakavibeba kando ya maporomoko hadi Pool Malebo. Mafundi waliotumwa kuiunganisha walikufa kabla kazi haijaisha. George Grenfell aliiunganisha mwenyewe, ikaelea mwaka 1884.

Tarehe 1 Mei 1887 Stanley alianza kupanda mto akienda kumsaidia Emin Pasha. Alichukua Peace, Henry Reed na meli ya Serikali iliyoitwa Stanley. Florida, isiyo na injini, ilivutwa tu. Ndani walijaa mamia ya watu walioandikwa kazi Unguja. Makaa ya mawe hayakuwapo, injini zilikula kuni. Kila jioni meli zilifungwa ukingoni, watu wakashuka na mashoka kutafuta miti mikavu, wakakata na kupasua mpaka usiku. Kuni mbichi hazitoi mvuke wa kushinda maji yanayoshuka. Safari ilichukua wiki sita na zaidi, wakafika Yambuya katikati ya mwezi wa sita.

Pale Yambuya maporomoko yanaziba njia. Kuanzia hapo mzigo ulihama kutoka melini kwenda kwenye vichwa vya watu, na wapagazi hawakutosha. Stanley akatangulia, akamwachia Meja Barttelot watu na mizigo, angoje wapagazi wa Tippu Tip, liwali wa Stanley Falls. Walingoja karibu mwaka mzima. Wengi walikufa kwa njaa, kwa magonjwa na kwa mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Waliobaki wakaondoka mwezi wa sita 1888, na tarehe 19 Julai Barttelot alipigwa risasi hapa hapa Banalia. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti, alikuta sehemu ndogo tu ya watu aliowaacha.

Baadaye Serikali ya Leopold iliweka vituo vya kuni kando ya mto. Mwaka 1890 meli Roi des Belges, iliyomchukua mwandishi Joseph Conrad, iliondoka Kinshasa tarehe 3 Agosti ikafika Stanley Falls tarehe 1 Septemba, ikisimama kila mara kupakia kuni. Aliyezikata ni mwanakijiji, kwa mitako ya shaba au kwa kulazimishwa. Abiria alilipa tiketi, kijiji kikalipa jasho.

Leo kuni zimeachia nafasi mazuti na esansi. Lakini kila pipa linalofika kwetu limesafirishwa na mafuta mengine, kutoka mbali, na gharama hiyo inaishia kwenye kikombe cha chumvi sokoni. Mwenye mtumbwi wa motere anayepanga safari ndefu afanye hesabu kama Arthington: aweke pembeni fedha za matunzo kabla ya kununua chombo. Na wanaosimamia kivuko wafanye hivyo hivyo, maana injini mpya bila akiba ya mazuti ni Florida nyingine, inayongoja kuvutwa.