Wavulana wa Kiungani na Daftari Langu

Nilipokuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, hapa Nyarugusu, mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuandike habari za maisha yetu. "Anzeni nyumbani," alisema, "mufike mpaka hapa." Shule yetu ilikuwa ya kanisa. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, asubuhi tuliimba na kuomba kabla ya hesabu, na kwenye benchi moja tulikaaga Wabembe, Wafuliiru na Wavira, kila mtu na lugha ya mama yake. Niliandika kurasa 11. Niliandika ziwa, mtumbwi, na kaka yangu aliyebaki ng'ambo. Baada ya wiki chache wakaja wageni. Kaye zetu, ndivyo tunavyoita madaftari sisi wa Kongo, zikakusanywa, wakaondoka nazo. Walisema zitarudi. Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, na bado hazijarudi.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya kitabu kimoja cha mwaka 1887 nilichokisoma kwenye simu. Kinaitwa *Kiungani*. Kilichapwa London, na ukurasa wake wa mbele unasema kimeandikwa na wavulana wa shule za misheni, kikatafsiriwa na kupangwa na A. C. Madan. Jina la Madan lipo pale mbele. Waandishi wanaitwa wavulana tu.

Wavulana hao walikuwa akina nani? Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi waliijua kwa herufi UMCA, ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Jaribio la kwanza lilikuwa bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, likashindwa. Askofu Mackenzie alifia huko mwaka 1862. Mwaka 1864 askofu Tozer akahamia Zanzibar pamoja na Edward Steere. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliokuwa wametolewa kwenye jahazi la watumwa. Shule ikaanza hivyo, na watoto watano ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusoma.

Baadaye shule ya wavulana ikawa Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari. Ya wasichana ikawa Mbweni, mbele zaidi kwa njia hiyohiyo. Jina lenyewe nalipenda. Kiunga ni pembezoni mwa mji, mahali pa mashamba na minazi. Yaani hauko mjini, wala hauko porini. Sisi wa kambini tunapajua mahali pa namna hiyo.

Watoto waliendelea kuja. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi, watu wakashushwa Unguja, na wadogo wakapelekwa misheni. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya magendo haikuisha siku ile. Watu wa pwani waliwaita hao waliokombolewa mateka. Angalieni neno hilo. Mtu ameshatoka utumwani, lakini jina bado linamrudisha siku aliyokamatwa. Na sisi pia, mtoto amezaliwa hapahapa Kigoma, hajawahi kuona Fizi hata kwa macho, bado anaitwa mkimbizi.

Maisha ya Kiungani yalikuwa ya bweni. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, watoto wa upande wa ziwa Nyasa, na wengine wa mbali zaidi. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja, ambacho wengi walianza kukijua njiani au palepale shuleni. Walisali, walisoma, walifanya kazi za mikono, walicheza mpira. Wengine walijifunza kupanga herufi kwenye mashine ya kuchapa. Wakubwa walioonekana wanafaa waliandaliwa kuwa walimu, na wengi wao walioa wasichana wa Mbweni. Kwa mtoto asiye na mjomba wala shangazi, shule ikawa ndiyo ukoo. Wenzako wa bwenini ndio watakaosimama siku ya harusi yako.

Lakini tusiipambe mno. Ukoo huo ulikuwa na wenyewe. Mmisionari ndiye aliyeamua nani aendelee na masomo na nani aende kulima. Mtoto alibatizwa akapewa jina jipya. Shule iliwalinda, na papo hapo iliwazungushia ua. Nadhani mtu anaweza kushukuru na kulalamika kwa mdomo mmoja. Mimi nilikula uji wa shule ile ya kanisa, nikajua kusoma kwa ajili yake, na hadi leo naidai daftari.

Na wale wavulana hawakubaki wavulana. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, akawa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Mwaka 1888 likatoka gazeti la Kiswahili, *Msimulizi*, ambamo walimu waliosoma Kiungani waliandika habari kutoka vituo vyao vya bara. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha London! Kumbe waliposhika chapa kwa ajili yao wenyewe, hawakurudia habari ya kukamatwa peke yake. Waliandika nani amefika, nani amekufa, mambo ya shule yanaendaje. Waliandikiana.

Hapo ndipo naona tofauti. Katika kitabu cha 1887 njia ni moja: nyumbani, vita, kuuzwa, msafara, pwani, jahazi, misheni. Ni njia ya kweli, na waliipita kweli kwa miguu yao. Hata Kiswahili chetu cha Kivu na Maniema kilifika kwetu kwa misafara ya namna hiyo, pamoja na pembe za ndovu na minyororo. Siwezi kusema habari zile hazina thamani. Ila habari hiyo ilikuwa inaelekea kwa msomaji wa mbali, ambaye alitakiwa kuhurumia na kuchanga. Mwisho wake ulijulikana kabla hujaanza. Nasoma Kiingereza kile, na masikio yangu yanatafuta Kiswahili kilichokuwa chini yake. Yule kijana aliposema "mama", alisemaje? Alisema "mama yangu" au "mamangu"?

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita nimeombwa tena. Kuna watu wanataka kutengeneza kitabu cha habari za wanafunzi wetu, nami nizikusanye. Wamekuja kwa heshima, siwalaumu. Nilikaa usiku kucha nafikiri. Mke wangu akaniambia, "Baba Furaha, wewe unaogopa kaye zao zisipotee, au unalilia ile yako?" Nikanyamaza, maana yote mawili ni kweli.

Asubuhi nikawajibu hivi. Kila mtoto ataandika kwa lugha anayoitaka, na kile alichokiandika kwa mkono wake kitabaki kwake. Wageni watachukua nakala. Jina litawekwa kama mtoto na wazazi wake wanataka, na kama hawataki, mtoto atajichagulia jingine. Na hakuna atakayelazimishwa kuanza na vita. Bado hawajanijibu.

Lakini darasani tumeshaanza. Msichana mmoja ameandika kurasa mbili nzima juu ya namna bibi yake anavyokausha ndagala, na bei yake sokoni, na ugomvi wa bibi na jirani kuhusu paka. Hakuna bunduki hata moja. Nilimuuliza kama amemaliza. Akasema, "Bado, mwalimu. Paka alirudi." Nikamwongezea karatasi.