Ngome ya Mtandao: Istilahi na Kazi Yake

Katika ujenzi, Waingereza huita ‘firewall’ ukuta usioshika moto, unaotenganisha nyumba na nyumba ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Hofu ya moto wa namna hiyo ndiyo iliyoifanya London, baada ya kuteketea mwaka 1666, itungiwe sheria ya kujenga nyumba kwa matofali au mawe badala ya mbao. Wataalamu wa kompyuta waliazima jina hilo kwa chombo cha kulinda mtandao walipotambua kwamba balaa la mashine moja huweza kuwa balaa la zote. Tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo wa kompyuta ulioandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ulienea kwa saa chache tu. Makadirio ya wakati ule yalitaja mashine 6,000 zilizoambukizwa kati ya 60,000 hivi zilizokuwa zimeunganishwa kwenye intaneti.

Chombo chenyewe hufanya nini? Taarifa husafiri mtandaoni zikiwa zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya mlango inaouelekea: 443 kwa tovuti zenye ulinzi, 25 kwa barua pepe zinazopokezanwa na seva, 445 kwa mafaili yanayoshirikiwa na kompyuta za Windows. Programu au kifaa hiki hukaa mpakani, kikasoma maelezo hayo na kuyalinganisha na kanuni alizoweka msimamizi. Iliyoruhusiwa hupita, nyingine hutupwa. Vyombo vya kisasa hukumbuka pia mazungumzo: ukiomba ukurasa kutoka ndani, jibu lake huruhusiwa kuingia, lakini pakiti ambayo hakuna aliyeiita hukataliwa.

Sasa tukipe chombo hiki jina kwa Kiswahili. Wengi husema ‘ukuta wa moto’, na hapo maana hugeuka. Ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe, ukuta wa udongo umejengwa kwa udongo. Basi ukuta wa moto ni miali inayowaka. Msikilizaji hudhani kuna kitu kinachomuunguza mvamizi, ilhali asili ya neno ni ukuta wa kuzuia moto. ‘Kingamoto’ hurekebisha kosa hilo, na limeundwa vizuri kama ‘zimamoto’. Hata hivyo, mwenye duka akiambiwa anunue kingamoto atatafuta mtungi mwekundu wa kutundika ukutani. Jina sahihi kwa sarufi laweza bado kumpeleka mtu kusiko.

Napendekeza tushikamane na ‘ngome’, neno ambalo baadhi ya watumiaji wamekwisha kulizoea. Ngome huwa na lango, na langoni huwa na mlinzi anayeuliza nani aingie na nani atoke. Hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki: kuchuja. Ukuta mtupu huzuia kila kitu, na mtandao uliozuiwa kila kitu haumfai mtu. Ni kweli kwamba Tanzania ‘Ngome’ ni makao makuu ya jeshi, na wanasiasa nao wana ngome zao za kura. Kwa hiyo tuseme ‘ngome ya mtandao’ tunapolitaja mara ya kwanza, kisha ‘ngome’ itatosha.

Neno hili pia hufungua njia ya kueleza mengine kwa Kiswahili: kufungua mlango, kufunga mlango, kuandika kanuni za ngome. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kutoelewa kuna gharama. Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kusambaa kupitia mlango namba 445, ikisimba mafaili ya watu na kudai bitcoin za thamani ya dola 300 ili yafunguliwe. Ilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba ufa uliotumiwa na programu hiyo tangu Machi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza baadaye kwamba, hata pasipo sasisho, kusimamia vyema ngome zinazotazama intaneti kungezikinga taasisi hizo.

Angalieni neno ‘kusimamia’. Ngome huja tayari ndani ya Windows na ndani ya ruta nyingi za nyumbani, lakini haijui ofisi yako inahitaji milango ipi. Kanuni njema huanza kwa kufunga yote yanayoingia kutoka nje, kisha kufungua kile tu chenye kazi. Wala ngome haimzuii mfanyakazi kuandika nywila yake kwenye tovuti ya kitapeli, kwa kuwa safari hiyo imeanzia ndani kwa idhini yake. Ndiyo maana masasisho, nakala rudufu na tahadhari ya mtumiaji vinabaki kuwa lazima.

Wakufunzi na waandishi wa vitabu vya shule, wafundisheni vijana ‘ngome ya mtandao’ pamoja na lango lake na kanuni zake. Mwanafunzi akishajua kwamba kuna milango, atataka kujua ipi iko wazi na nani aliyeifungua, na huko kuuliza ndiko mwanzo wa usalama.